"Hatumfahamu": Kwa Nini Jumuiya Zetu Zahitaji Elimu ya Nafsi na Jamii



Twaanza kwa kuungama. Hapa Kawe, katika mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo, alifariki kijana mmoja aliyekuwa mpangaji. Alikuwa ametoka mikoa ya kusini kutafuta riziki, akaishi miaka minne katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya muumini mwenzetu, na usiku akifanya kazi ya ulinzi. Ndugu zake walipofika kuomba ibada ya mazishi walielekezwa kwa viongozi wa jumuiya ili wapate barua, kama ulivyo utaratibu. Viongozi wakatazamana, wakafungua daftari, jina halimo. Jibu lililotolewa lilikuwa fupi: "Hatumfahamu."

Jibu hilo halikuwa uongo, wala halikutolewa kwa chuki. Baadaye mama mmoja akakumbuka kwamba kijana yule aliwahi kufika kwenye sala ya Jumamosi asubuhi mara tatu, akasimama karibu na mlango, akaondoka kabla ya matangazo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeamka siku zile akikusudia kumtenga mtu. Hatimaye kijana alizikwa kwa heshima, lakini sisi tulibaki na aibu, na aibu hiyo imetufanya tujiulize: Mtu anatengwaje mahali ambapo hakuna anayetaka kumtenga?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Maoni yetu ni kwamba mahubiri mazuri na nia njema, ingawa ni lazima, havitoshi kujenga jamii inayompokea kila mtu. Yatupasa pia kujifunza, kwa utaratibu na kwa unyenyekevu, jinsi binadamu anavyoenenda awapo kati ya wenzake, kisha turekebishe mipango yetu kulingana na yale tuliyojifunza. Kazi hiyo ni kazi ya haki na amani sawasawa na kumtetea mjane aliyenyang'anywa kiwanja.

ELIMU GANI HII?

Wengi wetu tusikiapo neno saikolojia tunawaza hospitali ya wagonjwa wa akili. Hilo ni tawi moja tu. Saikolojia ni elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu. Tawi lake la jamii huchunguza jinsi mtu anavyobadilika anapokuwa ndani ya kundi: kwa nini mtu mpole akiwa peke yake huweza kurusha jiwe akiwa na wenzake, kwa nini watu kumi wakiona ajali kila mmoja humtegemea mwingine asaidie. Tawi lake la utamaduni huchunguza jinsi lugha, malezi na mila zinavyojenga fikra zetu kuhusu nani ni mwenzetu na nani ni mgeni.

Elimu hiyo ina manufaa gani kwa mtu wa Kawe? Tutazame tunapoishi. Mwaka 1988 Jiji la Dar es Salaam lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 5.3. Kawe yetu imekua pamoja na jiji. Kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers kilichokuwa kikiajiri watu hapa kilifungwa miaka mingi iliyopita, lakini watu hawakuacha kuja. Upande mmoja kuna nyumba zenye kuta ndefu na mageti. Upande mwingine, kama kule Ukwamani, kuna nyumba za kupanga ambamo familia sita hutumia choo kimoja. Kuna wavuvi, askari, walimu, madereva wa bajaji, mama lishe, wasichana wa kazi za nyumbani, wastaafu. Wapo Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila yote ya nchi. Wote tunapishana barabarani kila siku. Kupishana si kufahamiana.

WANASEMINARI WALIOKUWA NA HARAKA

Mwaka 1973 wataalamu wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa seminari ya Kiprotestanti ya Princeton. Kila mwanafunzi aliombwa atoe hotuba fupi katika jengo lingine. Baadhi walipewa mada ya Msamaria mwema. Wengine walipewa mada ya kazi watakazozifanya baada ya masomo. Kisha wengine waliambiwa kwamba wamechelewa na wanangojewa, wengine kwamba muda umefika, na wengine kwamba bado wana nafasi. Njiani, mlangoni pa nyumba, alikuwa amewekwa mtu aliyejikunyata, akikohoa na kugugumia kama mgonjwa.

Je, nani alisimama kumsaidia? Katika wanafunzi 40 walisimama 16 tu. Wale ambao hawakuwa na haraka walisaidia kwa kiasi cha watu 63 katika kila 100. Wale waliokuwa na haraka kubwa walisaidia kwa kiasi cha 10 katika kila 100. Na mada ya hotuba? Haikuleta tofauti ya kutegemewa. Walikuwapo waliokwenda kuhubiri habari za Msamaria huku wakimruka mtu aliyelala mlangoni.

Watu 40 si wengi, na jaribio moja halithibitishi kila kitu. Lakini linatuonya jambo ambalo sisi viongozi tunalisahau: mara nyingi kinachoamua kama tutamwona jirani si imani tuliyo nayo kichwani, bali ni jinsi tulivyopanga saa zetu. Kumbukeni Jumamosi zetu. Tunaanza alfajiri, kila kitu kinapaswa kumalizika mapema: sala, somo, tafakari, michango ya ujenzi, harusi, wagonjwa, matangazo. Kiongozi anatazama saa. Kijana amesimama mlangoni. Nani atakuwa na nafasi ya kumwuliza jina lake? Hatukuwa watu waovu. Tulikuwa watu wenye haraka. Na aliyeachwa nje na mwenye haraka yuko nje kama yule aliyefukuzwa.

"SISI" NA "WAO"

Mtaalamu mwingine, Henri Tajfel, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland. Katika Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajerumani akiwa askari wa jeshi la Ufaransa, na aliporudi alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kutafuta mzizi wa jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi kwa sababu zisizo na maana yoyote, kwa mfano ni picha ya mchoraji gani waliyoipenda zaidi. Wavulana hawakuambiwa nani yuko kundi lipi pamoja nao. Hawakuwa na ugomvi wowote. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha kidogo, waliwapendelea wa kundi lao. Mara nyingine walikubali hata kundi lao lipate kidogo, ili mradi tofauti kati yao na wale wengine iwe kubwa.

Basi, ikiwa picha ya ukutani yatosha kuzaa "sisi" na "wao", itakuwaje kwa dini, kabila, mali na rangi ya ngozi?

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata jibu. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala katika Wilaya ya Temeke, ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani uliishia kwa makundi ya watu kuvamia makanisa kadhaa, kuyaharibu na kuyachoma moto. Watoto wawili waliokuwa wakicheza pamoja waligeuzwa kwa saa chache kuwa mabango ya jumuiya mbili kubwa. Lakini tusijifanye watakatifu. Katika siku zile wapo miongoni mwetu waliosema, "Hao ndivyo walivyo," wakiwajumuisha majirani waliokaa nao miaka ishirini, waliozika nao na kula nao pilau ya Idi. Waliochoma walikuwa kundi la watu. Tuliowahukumu tuliwahukumu Waislamu wote. Mtego ulikuwa uleule, nasi tuliingia kwa mlango wetu.

Elimu hii inatufundisha pia kuyachunga maneno. Nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi mende. Mtu akishaitwa mdudu, mkono wa kumwua unakuwa mwepesi. Na hapa kwetu? Hasa tangu mwaka 2007 nchi yetu imetikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyochochewa na imani za kishirikina. Kabla ya panga kulikuwa na neno. Watu waliitwa "zeruzeru", kana kwamba ni kitu cha ajabu kisicho mtu; kisha mitaani wakaitwa "dili", yaani bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 2024 msiba wa mtoto mdogo mwenye ualbino aliyeuawa wilayani Muleba ulitukumbusha kwamba ugonjwa huo haujatutoka. Mwenye kusema "ni utani tu" ajiulize neno lake linamwandalia nani njia.

UMOJA WETU ULIJENGWA

Twapenda kusema kwamba Watanzania kwa asili ni watu wa amani. Maneno hayo ni matamu, lakini yana hatari, kwa maana kitu cha asili hakihitaji kutunzwa.

Mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha mwaka 2004 utafiti uliolinganisha wilaya mbili za mashambani: Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, ambayo leo iko katika Mkoa wetu wa Simiyu. Aliuliza: Mahali palipo na makabila mengi yaliyochanganyika, je, watu huchangia shule zao pamoja? Huko Busia aliona kwamba mchanganyiko wa makabila uliambatana na michango midogo na shule duni. Huko Meatu mchanganyiko haukuleta hasara hiyo. Watu wa pande zote mbili ni Waafrika wenye maisha yanayofanana. Maelezo yake ni kwamba tofauti ilitokana na siasa ya kujenga taifa: lugha moja ya Kiswahili shuleni na ofisini, mafundisho ya shule yaliyohimiza utaifa kuliko kabila, mabaraza ya vijiji ya kuchaguliwa, na kuondolewa kwa utawala wa machifu mwaka 1963.

Tujumlishe hapo yale ambayo wazee wetu wanayakumbuka: mtoto wa Kilimanjaro kupelekwa sekondari Songea, wa Mtwara kupelekwa Tabora, na vijana wa pande zote kukutana Jeshi la Kujenga Taifa. Walilala bweni moja, wakalima shamba moja, wakaoana. Huo haukuwa muujiza, ulikuwa mpango.

Mafunzo mawili yatoka hapo. La kwanza ni la matumaini: kilichojengwa na watu kinaweza kujengwa tena. La pili ni la tahadhari: ukuta tulioubomoa kwa bidii ulikuwa ukuta wa kabila. Hatukuweka bidii kama hiyo kati ya mwenye nyumba na mpangaji, kati ya tajiri na msichana wake wa kazi, kati ya anayesikia na kiziwi, kati ya anayeishi na virusi vya UKIMWI na jirani zake. Ndiyo maana katika jumuiya yetu Mhaya na Mmakonde hukaa benchi moja bila shida yoyote, lakini mlinzi wa usiku husimama mlangoni.

HEKIMA YA NYUMBANI

Mtu asidhani kwamba elimu hii yote ilizaliwa ng'ambo. Wazee wetu walikuwa wachunguzi wa nafsi za watu kabla ya vyuo vikuu. Tazameni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19; leo ni watani. Wazaramo wa pwani hii na Wanyamwezi, waliokuja na misafara kutoka bara, ni watani. Mtani hukutukana mbele za watu nawe hukasiriki. Hukunyang'anya kofia nawe wacheka. Lakini siku ya msiba mtani huyohuyo ndiye anayefika mapema, anachimba kaburi, anapika, anawachekesha wafiwa wasizame katika majonzi. Uadui wa zamani haukufutwa kwa kuusahau. Ulipewa mahali pake, mipaka yake, na juu ya yote ulipewa kazi ya kufanya. Mtani ana wajibu.

Hapo ndipo utani wa kweli unapotofautiana na dhihaka. Katika utani pande zote mbili zina haki ya kujibu. Anayemwita mtu mwenye ualbino "dili" hana utani naye, kwa sababu mwenzake hana neno la kumrudishia lenye uzito kama huo. Na msichana wa kazi anayechekwa kwa lafudhi yake mezani hawezi kumcheka mama mwenye nyumba. Haki ya kujibu ndiyo mizani.

Hii ndiyo sababu tunasisitiza utamaduni, si saikolojia tu. Mwaka 2010 wataalamu watatu, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya uchunguzi wa watu wachache: katika majarida makubwa yaliyohesabiwa, watu 96 katika kila 100 waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kwa viwanda, ambazo wakazi wake ni kama 12 tu katika kila 100 wa dunia. Kwa hiyo tusinakili kila lililoandikwa huko. Miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya, watafiti waliwakuta wazazi wanaomwita mtoto mwenye akili yule aonaye kazi inayohitajiwa nyumbani akaifanya bila kuambiwa. Akili hiyo haipimwi kwa karatasi ya mtihani. Je, nani atakayechunguza maana ya utu, heshima, aibu na ujirani katika mitaa ya Kawe, kama si vijana wa Kawe wenyewe?

KUKUTANA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Wengine watasema: "Tuwakutanishe watu, basi." La, si kila mkutano unaleta upendo. Mwaka 1954 Gordon Allport alieleza kwamba kukutana hupunguza chuki panapokuwapo mambo manne: watu wawe na hadhi sawa katika shughuli ile, wawe na lengo moja, washirikiane badala ya kushindana, na wakubwa wenye mamlaka waunge mkono waziwazi. Msichana wa kazi hukutana na tajiri wake kila siku tangu alfajiri hadi usiku, wala ujuzi huo hauleti usawa. Hadhi haiko sawa.

Huko Iraki, Wakristo wengi walikimbia makazi yao mwaka 2014 walipovamiwa na kundi lililojiita Dola ya Kiislamu. Miaka michache baadaye mtafiti Salma Mousa aliandaa ligi ya mpira wa miguu ya vijana Wakristo. Kwa kura, baadhi ya timu ziliongezewa wachezaji Waislamu na nyingine ziliongezewa Wakristo wenzao. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2020 yana furaha na huzuni. Wale waliocheza pamoja na Waislamu walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko, kumpigia kura Mwislamu apate tuzo, na hata miezi kadhaa baadaye kufanya mazoezi pamoja. Lakini nje ya uwanja, kwa Waislamu wasiowafahamu, badiliko lilikuwa dogo. Mpira huanzisha safari, haufikishi.

Na tena huko Rwanda, tangu mwaka 2004 mchezo wa redio uitwao Musekeweya umetangazwa ili kuwasaidia watu waelewe jinsi chuki inavyokua hatua kwa hatua. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichapisha mwaka 2009 kwamba waliousikiliza hawakubadili sana imani zao za moyoni. Kilichobadilika ni mawazo yao kuhusu desturi, yaani jambo gani jamii inalikubali. Wakawa pia wepesi zaidi kusema wazi wasipokubaliana na wenzao. Fundisho kwa viongozi ni zito. Watu wengi hawangoji kwanza moyo wao ubadilike. Hutazama wenzao wanafanya nini, na wakubwa wanaruhusu nini. Mwenyekiti wa jumuiya anapokwenda mlangoni na kumpa mgeni kiti chake mwenyewe, anatangaza desturi mpya kwa watu wote waliopo.

WENYE SHAKA TUNAWAJIBU

Wapo watakaosema kwamba mzizi wa kutengana ni dhambi, na dawa ya dhambi ni toba, si saikolojia. Twakubali kwamba moyo wahitaji toba. Lakini mtu hutubu kosa alilolijua. Sisi hatukujua kwamba tumemtenga kijana yule mpaka alipokufa. Elimu hii ni taa ya kuona kosa. Haiondoi toba, inaitangulia.

Wengine watasema kwamba kijana anayesoma mambo haya atakosa kazi. Kweli, kazi ni ngumu kwa vijana wote. Lakini walimu wa shule zenye madarasa ya watoto themanini, maafisa ustawi wa jamii, wauguzi, polisi na makatekista wote hushughulika na watu kutwa nzima. Fundi asiyejua mbao huharibu meza. Je, kiongozi asiyejua watu haharibu nini?

MAPENDEKEZO YETU

Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, daftari la jumuiya liwe la watu wanaoishi hapa, si la waliolipa michango tu. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, wanajumuiya wawili wawili wapite nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba, waandike majina. Wasidai chochote siku hiyo.

Pili, zamu ya kupokea jumuiya isiwe mtihani wa mali. Mwenye chumba kimoja na asiye na viti huona haya, hivyo hukwepa zamu, na akikwepa zamu hukwepa sala. Jumuiya ikutane uani au chini ya mwembe, kila mmoja aje na kigoda chake, na chai ikatazwe kwa wote.

Tatu, saa ibadilike. Jumamosi alfajiri mlinzi anakabidhi lindo, mchuuzi wa samaki yuko Feri, msichana wa kazi anachemsha chai ya familia. Angalau sala moja kwa mwezi ifanyike jioni watakayoichagua wao. Na dakika kumi za kwanza zisiwe na ajenda yoyote isipokuwa kusalimiana na kuulizana majina.

Nne, tuwe na kazi moja ya pamoja na majirani wa dini nyingine, kwa mfano kuzibua mifereji kabla ya masika. Kamati iwe ya nusu kwa nusu tangu kupanga hadi kumaliza. Tusiwaalike kama wageni katika kazi yetu. Maji ya mafuriko ni ya wote.

Tano, wapangaji, vijana, wasichana wa kazi na watu wenye ulemavu waingie katika uongozi wakiwa na kazi halisi, kama kushika daftari au hazina, si kupamba picha ya mwisho wa mwaka. Watu wawili katika kila jumuiya wajifunze lugha ya alama.

Sita, tusikae kimya linapotajwa neno la kumdhalilisha mtu. Asemaye asiaibishwe mbele ya umati, bali aambiwe papo hapo, kwa upole, kwamba hapa hatusemi hivyo.

Saba, tuwatie moyo vijana wetu wasome saikolojia na ustawi wa jamii. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama. Zote si mbali nasi. Tuwaalike walimu wao waje kutufundisha, nasi tuwafundishe wanayoyaona wazee wetu. Na baada ya mwaka mmoja turudi kwenye daftari tuhesabu: Ni nani aliyekuwa nje naye sasa yu ndani? Tusipohesabu, tutajisifu bure.

Ndugu wapenzi, kijana yule hatutamrudisha. Lakini usiku huu, nyuma ya nyumba za Kawe, kuna wengine kama yeye wanaofunga viatu kwenda lindoni. Jumamosi ijayo pengine mmoja atasimama mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Ni watu gani wanaoishi katika mtaa wetu ambao hawajafika jumuiyani kwa miezi sita iliyopita? Taja majina. Kama hatuyajui majina, hilo latuambia nini?

2. Ni utaratibu gani wetu, hata kama uliwekwa kwa nia njema, unaowazuia watu wengine kushiriki?

3. Ni maneno gani tunayoyatumia kuhusu watu wa dini nyingine, watu wenye ualbino, wapangaji au wasichana wa kazi ambayo wao wenyewe hawawezi kuyajibu?

4. Tutafanya badiliko gani moja kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atalisimamia?